Saa Iliyopewa Sifuri

Darka Semchyshyn hakuwahi kuona haya kumwambia mtu kwamba utafiti wake ni wa ovyo. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliipenda kupita kiasi. Walikuwa watu wanane tu, ghorofa ya tatu ya jengo la matofali katikati ya Winnipeg, na mwaka mzima walisoma kila kilichoandikwa duniani juu ya vipimo na dawa za ugonjwa wa kusahau, kisha wakawaambia madaktari kipi cha kuaminika na kipi cha kutupa. Walitupa vingi. Dawa iliyosifiwa magazetini iliingia mlangoni kwao ikiwa imetunisha kifua, ikatoka imefyata mkia.

Walikuwa na sheria moja ambayo hata mkurugenzi wao, Sigrun Thorvaldson, hakuthubutu kuivunja. Kila karatasi ilisomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuchungulia majibu ya mwenzake. Alhamisi asubuhi wawili hao walikaa mezani na kahawa, wakalinganisha. Walipopishana walibishana mpaka mmoja akubali, na asipokubali mtu, Sigrun aliamua.

Mwenzake Darka alikuwa Normand Gosselin, Mfaransa mzaliwa wa ng'ambo ya pili ya mto, mpole, mzito wa kusema, mwenye sweta moja la kijivu kwa majira yote. Miezi mitatu sasa walikuwa wanapitia michoro ya saa. Kuna jaribio fupi ambalo kliniki nyingi hulitumia: mzee anaambiwa maneno matatu ayashike kichwani, anachora uso wa saa, mshale mfupi kwenye kumi na moja na mrefu kwenye mbili, kisha anaulizwa yale maneno. Kila neno alilolikumbuka ni alama moja. Saa ikiwa sawa ni alama mbili, ikiwa na kasoro ni sifuri. Akipata chini ya tatu kati ya tano, mambo si mazuri. Kliniki nne za mjini zilikuwa zimefanya utafiti juu ya jaribio hilo, na Sigrun, kwa kuwa hakuamini jinsi manesi walivyotoa alama, aliomba michoro yenyewe iletwe wahesabu upya. Ikaja mia tisa na ishirini, bila majina, namba tu.

Alhamisi hiyo ya mwezi wa kumi Darka alikuwa na haraka. Kesho yake, Ijumaa saa nne asubuhi, alikuwa anampeleka baba yake kwenye makao ya wazee, kule kwenye milango inayofunguka kwa namba za siri. Tangu mama afariki mzee aliishi peke yake. Mwezi wa kwanza aliunguza sufuria, na Jumapili moja akasahau kwenda kanisani. Darka alimpeleka kliniki mwezi wa pili. Akapata alama mbili kati ya tano. Daktari akamuuliza Darka maswali, Darka akasema sufuria, akasema kanisa, na ugonjwa ukapewa jina siku ileile, na vidonge juu. Leseni ya gari ilirudishwa serikalini. Nyumba ikapata mnunuzi, akawa anasubiri mzee atoke tu ndipo waandikishane.

Sasa sikia ajabu hii. Mwanamke aliyetupa tafiti zaidi ya elfu moja kwa kukosa ushahidi hakuomba kuiona karatasi ya baba yake mwenyewe. Ungemuuliza kwa nini, asingekuwa na jibu la maana. Nadhani alikuwa amechoka, na kilipotokea kitu chenye jina alikishika kwa mikono miwili.

"Mia nne na kumi na saba," alisema Normand, akiigeuza kompyuta waone wote. "Mimi nimeipa mbili."

"Mbili? Mimi sifuri." Darka alicheka. "We Normand, hiyo si ndiyo mfano wangu? Iko kwenye mwongozo nilioandika wa kutoa alama, ukurasa wa nne, chini ya kichwa cha makosa makubwa. Mwongozo wangu unausoma au unauwekea kikombe?"

"Nimeusoma, bi mkubwa. Ndiyo maana nimeikalia wiki tatu. Nilijua utanipandia."

"Lazima nikupandie. Haya, hesabu na mimi. Tatu, nne, tano, halafu kiduara, halafu saba. Sita iko wapi? Imekwenda dukani?"

"Kiduara ndicho kilichokaa mahali pa sita."

"Na huku ndani? Kumi na tatu, kumi na nne, mpaka ishirini na nne. Mzunguko wa pili mzima. Nani duniani ana saa ya namna hiyo?"

Normand alikunywa kahawa kwanza. Alikuwa na tabia hiyo, ya kukuacha uning'inie.

"Babu yangu alikuwa nayo," alisema. "Hiyo ni saa ya reli, Darka. Mzunguko wa ndani ni wa saa za mchana mpaka usiku wa manane, maana ratiba za treni zinahesabu hadi ishirini na nne. Kile kiduara ni cha sekunde. Kwenye saa zile za mfukoni sita haikuandikwa kabisa, kiduara kiliimeza. Na mishale iko sahihi, kumi na moja na mbili. Gadi yeyote wa zamani wa treni za huku kwetu ungemwambia achore saa, angekuchorea hii."

Darka alikuwa tayari na jibu la kejeli, lilikuwa limeshafika mdomoni. Halikutoka. Baba yake alikuwa gadi wa treni za mizigo miaka thelathini na minne. Saa yake ya mfukoni ilikaa kando ya sahani kila asubuhi, na Darka alijifunzia namba pale, kidole kwenye kioo, mzunguko wa nje na mzunguko wa ndani. Aliijua saa ile kabla hajajua kusoma. Na alikuwa ameitazama hapo kwenye skrini kwa sekunde kumi na tano, kama alivyozitazama nyingine zote, akitafuta kosa.

"Watu wa reli mji huu ni wengi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, jambo lililomshangaza.

"Wengi sana," alisema Normand.

Darka alivuta kipanya mwenyewe, akashuka chini ya mchoro mahali palipoandikwa habari chache za kila mtu. Miaka sabini na tisa. Mwanamume. Kliniki ya tatu, mwezi wa pili. Maneno aliyokumbuka: mawili. Akapandisha tena mchoro. Saba ilikuwa na mstari tumboni. Ya kumi na saba nayo. Nne zilikuwa zimefungwa juu, kama vibanda vidogo. Saba zile na nne zile alikuwa amezipokea kwa posta, kwenye bahasha za kadi, kila siku yake ya kuzaliwa, tangu alipotoka nyumbani kwenda chuo.

Alisikia mashine ya kahawa inakoroma ukutani, akasikia mtu anacheka chumba cha pili, na kwa muda hakujua mikono iliyokuwa juu ya meza ni ya nani. Maana kwenye kisanduku cha maoni, kando ya mia nne na kumi na saba, kulikuwa na maneno, na yalikuwa yake: *Huyu amepotea kabisa. Mfano mzuri wa kufundishia.* Tena aliufundishia. Aliuweka ukutani kwa projekta mbele ya wanafunzi sita waliokuja kwa mafunzo na kuwaambia, tazameni, huyu hata uso wa saa haukumbuki. Wakacheka. Alianza kucheka yeye.

"Darka," alisema Normand. "Umeanza kunitisha."

"Ni Baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Hiyo saa ni ya Baba."

Normand aliiweka kahawa chini. Hakusema una uhakika, wala hakusema pole, na Darka alimshukuru baadaye. Alichosema kilikuwa kibaya zaidi.

"Ziko kumi na moja za aina hii."

"Kumi na moja?"

"Nimezitafuta. Zote kliniki ya tatu. Nesi wao alizipa sifuri zote. Wewe umezipa sifuri zote. Mimi nimezipa mbili zote, ndiyo nilitaka tuzungumze leo."

Kliniki ya tatu ilikuwa Transcona, mtaa uliojengwa kwa ajili ya karakana za reli, ambako nusu ya wazee waliishi kwa filimbi ya treni. Popote pengine kosa lile lisingetokea. Ilihitajika nesi mgeni aliyetoka mbali, na ilihitajika binti wa gadi aliyekaa ofisini miaka kumi na tisa mpaka akasahau kwao.

"Baba alipata mawili ya maneno," alisema Darka taratibu. "Ongeza mbili za saa. Ni nne. Nne si mgonjwa, Normand. Mtu wa nne anaambiwa rudi nyumbani, tuonane mwakani."

"Subiri. Wewe ndiye uliyenifundisha hili. Nne haisemi kwamba ni mzima. Anaweza kuwa na ugonjwa wa kusahau vilevile. Inasema tu kwamba hatujui."

"Kesho namfungia mlango wenye namba za siri," alisema Darka. "Kwa hatujui."

Alikwenda kwa Sigrun akaeleza akiwa amesimama. Sigrun alisema michoro yote kumi na moja inatoka mikononi mwa Darka tangu dakika ile, kwa kuwa huwezi kumpa alama unayemjua, na kwamba barua kwenda kliniki itaandikwa kabla ya mchana. Alisema pia kwamba habari za washiriki hazitoki nje ya jengo. Darka aliitikia. Kisha akavaa koti, akaenda Transcona.

Orest Semchyshyn alikuwa jikoni anakula mkate mweusi na soseji baridi. Jiko aliambiwa asiliguse, akatii. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani, na kila mlango wa kabati ulikuwa umebandikwa karatasi: vikombe, sukari, dawa za asubuhi. Darka ndiye aliyezibandika.

"Mbona mapema?" alisema mzee. "Wamekufukuza kazi?"

"Bado, Baba."

"Basi kuna mtu kafa."

"Hakuna aliyekufa." Alikaa bila kuvua koti. Alitoa karatasi nyeupe na kalamu mkobani, akaziweka mbele ya sahani. "Nichoree saa."

"Tena? Si kesho naingia? Au na wao wana mtihani wa kujiunga, kama sekondari?"

"Nichoree tu, Baba. Tafadhali."

Mzee alifuta vidole kwenye suruali, akashika kalamu, akamtazama bintiye juu ya miwani.

"Ya ukutani au ya kazini?"

Darka alisogeza kiti karibu.

"Siku ile kliniki. Uliwauliza hivyo?"

"Nilitaka kuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Si wewe ulinikataza? Tuko ndani ya gari ukaniambia, Baba leo usibishane, usitanie, usiulize maswali yako, fanya wanachosema. Nesi akasema chora saa. Nikachora saa." Aliinua mabega. "Nzuri tu. Nikaweka mpaka ya sekunde."

Hapo Darka alivunja alichomwahidi Sigrun. Alimweleza yote: karatasi zisizo na majina, ile sifuri ya nesi, sifuri yake mwenyewe. Alimweleza mpaka maneno ya kwenye kisanduku, na ukutani, na kicheko. Hakuwa na haja ya kumwambia hayo, lakini alijua kwamba asipoyasema pale hatayasema tena. Mzee alisikiliza huku ameshika kisu cha mkate. Uso wake haukubadilika, na hilo lilimtisha Darka kuliko kama angepiga meza.

"Kwa hiyo siumwi."

"Sijui, Baba."

"Hujui."

"Hakuna anayejua. Ulikuwa huna usingizi tangu Mama afariki, mtu asiyelala anaunguza masufuria. Inaweza kuwa hilo. Inaweza kuwa ugonjwa kweli. Inabidi upimwe upya, vizuri, na mtu atakayekaa na wewe. Lile jaribio halikuthibitisha kitu, na mimi sikuliangalia."

"Wewe hukuangalia."

"Sikuangalia."

"Unaangalia karatasi za dunia nzima. Wajapani unawaangalia. Wabrazili unawaangalia. Nikikupigia simu unaniambia, Baba, nina kazi, nawaangalia Waswidi." Aliweka kisu chini. "Nesi nisingemwamini. Yule daktari ndiyo kabisa, alikuwa anatazama kompyuta. Mimi nilikutazama wewe. Nikasema, Darka ndiye msomaji. Darka akikubali naumwa, basi naumwa."

Darka alianza kulia. Mzee hakunyoosha mkono.

"Unajua nilichofanya miezi hii minane?" alisema. "Nilikuwa najiaga. Nikikosa kijiko, nasema haya, Orest, ndiyo hivyo, unaondoka. Nikisahau jina la mtu kwenye redio, nalala chini nausubiri mwisho. Gari nimegawa. Fimbo za kuvulia nimegawa. Picha za mama yako nimewagawia binamu zako, nisije nikazitazama siku moja nikauliza huyu mama ni nani. Nilizigawa nikiwa na akili zangu timamu, mwanangu. Nilijua kila ninachotoa."

Darka alichukua simu akapiga makao ya wazee, akawaambia kesho hawaji, wala keshokutwa. Akampigia mnunuzi wa nyumba. Yule alifoka, akaachwa afoke. Alipomaliza mzee alikuwa bado amekaa vilevile, anaitazama karatasi tupu.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Wenye saa kama yangu. Umesema kuna nyingine."

"Kumi na moja. Pamoja na yako. Lakini sijui ni za nani, Baba, hazina majina. Na hata ningejua nisingeruhusiwa."

"Zote ni za hapa kwetu?"

Darka akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mimi najua," alisema mzee. "Majira yale ya baridi klabu nzima ya wastaafu wa reli tulipelekwa, mmoja baada ya mwingine, kama ng'ombe wa chanjo."

Aliivuta karatasi, akaanza kuandika, na huku akiandika alitaja. Metro Hrycak, gadi, sasa yuko kwa mwanawe Calgary, hatoki nje. Pete Lozowy, fundi wa breki, yuko makao yaleyale waliyotaka kunipeleka. Steve Barabash, dereva, alistaafu siku moja na mimi, naye yuko huko, ghorofa ya pili, dirisha la kusini. Walter Chorney, mpiga ishara, mkewe anamfungia mlango. Kila jina lilikuja na kazi, na mtaa, na siku alipoambiwa anaumwa. Hakusimama kufikiri hata mara moja. Darka alizoea kuzipa alama kumbukumbu za watu, akajikuta anahesabu kwa vidole chini ya meza, akajionea haya, akaacha.

Kwenye jina la saba mzee alipunguza mwendo. Aliandika Mike Danylchuk, halafu akachora msalaba mdogo pembeni.

Mazishi ya Mike Darka aliyakumbuka. Yalikuwa Agosti. Mike alikuwa ameingizwa makao ya wazee mwezi wa nne, akakataa kula, akakataa kuvua viatu, kila siku akikaa kando ya mlango akiwaambia manesi kwamba kuna makosa, kwamba yeye hana chochote. Waliandika kwamba kukana ni sehemu ya ugonjwa. Darka alimleta baba yake kanisani siku ile, akampa mkono Stefka, mjane wa Mike, na kwa sauti ya mtu anayejua alimwambia kwamba bora Mike amepumzika mapema, kwa sababu hatua za mwisho za ugonjwa ule ni mateso. Mjane alimshukuru sana. Alisema maneno hayo yamemsaidia.

"Mike alikuwa anaumwa?" aliuliza Baba.

Mzee alimsubiri kama alivyokuwa akimsubiri zamani, alipokuwa mtoto, kidole kwenye kioo cha saa, ajibu mwenyewe.

"Sijui," alisema Darka.

"Stefka anaishi nyumba ya nne kutoka hapa." Mzee alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akainuka kutafuta kofia yake. Aliipata mara moja. "Utamwambia hivyohivyo. Mimi nitasimama kando yako, nisikie unavyosema."